Kukaa Jirani Siyo Kujuana

Ndugu msomaji, wako watu tunaowaona kila siku na bado hatuwajui. Mlinzi wa Kimaasai amekesha getini kwako miaka mitano, amelinda mali yako na watoto wako, lakini ukiulizwa amewaacha watoto wangapi kijijini, huna jibu. Msichana wa kazi anapika chakula unachokula na kumwogesha mwanao, na bado siku ikipotea noti ya shilingi elfu kumi, wa kwanza kutiliwa shaka ni yeye. Watu hawa hawakai mbali nasi. Wako ndani ya ukuta wetu. Hata hivyo, mambo tunayoyaamini juu yao tuliyapokea kabla hatujakutana nao, na miaka yote hiyo ya kuonana haijayabadilisha.

Jumapili iliyopita nilizungumzia jambo hili redioni. Kwa kuwa wasikilizaji wengi walituma ujumbe wakitaka nieleze zaidi, naona vema nilirudie hapa kwa kirefu. Swali lenyewe ni hili: ni kitu gani hasa kinachomfanya mtu aache kumdharau au kumchukia mtu wa kabila, dini, rangi au tabaka jingine?

Jibu tulilolizoea ni kwamba watu wakae pamoja, watapendana tu. Wahenga nao walisema asiyekujua hakuthamini. Methali hiyo ni ya kweli, ila haituambii kujuana kwenyewe kunapatikana wapi. Kama kukaa karibu kungetosha, pasingekuwa na ugomvi kati ya majirani wala chuki ndani ya mtaa mmoja.

Nianze na kisa cha mbali, kwa sababu kinaonyesha jambo hili waziwazi kuliko vingi ninavyovijua. Mwaka 1971, katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina huko Marekani, shule zilikuwa zimeamriwa kuchanganya watoto Weusi na Weupe. Mji ulikuwa unatokota. Ikaamuliwa wananchi waitwe kwenye mkutano wa siku 10, asubuhi hadi usiku, wazungumze juu ya shule zao mpaka wapate mapendekezo. Aliyeuongoza mkutano, Mmarekani Mweusi aitwaye Bill Riddick, alifanya jambo ambalo wengi waliliona la wazimu. Aliwataka wenyeviti wawili wa pamoja, na akawachukua watu waliokuwa wakichukiana kuliko wote mjini.

Wa kwanza alikuwa C.P. Ellis, Mzungu, kiongozi wa tawi la Ku Klux Klan pale Durham. Hicho ni chama cha Wazungu wanaovaa kanzu na kofia ndefu nyeupe, kilichojulikana kwa kuwatisha na kuwaua Weusi. Wa pili alikuwa Ann Atwater, mwanamke Mweusi, mwanaharakati wa haki za wapangaji, ambaye sauti yake pekee iliwatosha wenye nyumba mbovu kukosa usingizi. Walikuwa wakikutana kwenye vikao vya baraza la mji na kutukanana. Atwater mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku moja alitoa kisu akitaka kumchoma Ellis, akazuiwa na watu wake.

Sasa tazama maisha ya wawili hao. Ellis alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Hakufika mbali shuleni. Alihangaika na kituo cha petroli ambacho hakikumpa faida, naye ana mke na watoto. Alitafuta wa kumlaumu kwa umaskini wake, akaonyeshwa Weusi. Ndani ya Klan alijiona mtu kwa mara ya kwanza. Atwater alitoka katika familia ya wakulima maskini, akaolewa angali binti mdogo, akaachwa na mumewe, akalea mabinti wawili kwa kufanya kazi majumbani mwa Wazungu na kwa msaada wa serikali. Kwa maneno mengine, wote wawili walikuwa chini. Mmoja chini upande huu wa barabara, mwingine chini upande ule.

Ellis aliwahi kueleza tukio ambalo mimi naliona ni ufunguo wa kisa kizima. Wakubwa fulani wa mji walikuwa wakimpigia simu usiku, wakimtaka alete watu wake wa Klan kuwapinga Weusi kwenye vikao. Siku moja mchana akakutana na mmoja wao mjini. Akatarajia kupewa mkono. Yule mkubwa alipomwona akavuka barabara, akapita upande wa pili. Hapo Ellis akaanza kujiuliza: kumbe wananitumia usiku, na mchana wananionea haya?

Siku za kwanza za mkutano wenyeviti hawa hawakuangaliana. Lakini kazi ilikuwa ni lazima ifanyike. Ratiba ipangwe, makundi yaundwe, ugomvi usuluhishwe. Ellis aliweka kwenye ukumbi meza ya maonyesho ya vitu vya Klan, na vijana Weusi wakaja kutaka kuiharibu. Aliyewazuia ni Atwater. Aliwataka waviangalie kwanza, ili wajue mtu huyu anafikiri nini. Jioni kwaya za kanisani ziliimba nyimbo za injili. Ellis alikuwa akipiga makofi nje ya mdundo, Atwater akamshika mikono akamfundisha.

Kisha ikafika siku wakakaa wawili na kuzungumza. Ellis akaeleza kwamba watoto wake wanasumbuliwa shuleni kwa sababu baba yao ameketi meza moja na mwanamke Mweusi. Atwater akashangaa. Mabinti zake nao wanasumbuliwa, kwa sababu mama yao ameketi na mtu wa Klan. Wakagundua kwamba watoto wao wanasoma katika shule zilezile mbovu, wanalia machozi yaleyale. Wakalia pamoja.

Usiku wa mwisho Ellis alisimama mbele ya watu akaichana kadi yake ya uanachama wa Klan. Hakupata faida yoyote kwa kitendo hicho. Alipoteza marafiki na akatishiwa maisha. Baadaye akawa mtumishi wa chama cha wafanyakazi ambacho wanachama wake wengi walikuwa Weusi, nao wakampigia kura. Urafiki wake na Atwater ulidumu zaidi ya miaka 30. Ellis alipofariki mwaka 2005, Atwater alisimama kwenye mazishi yake akamsemea. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2016.

Ndugu msomaji, usiseme haraka kwamba huo ni muujiza. Wataalamu wameyachunguza mambo haya kwa muda mrefu. Mwaka 1954 msomi wa saikolojia wa Kimarekani, Gordon Allport, alitoa kitabu kikubwa juu ya chuki za makundi. Alieleza kwamba kukutana tu kwa watu hakutoshi, na kunaweza hata kuongeza chuki. Kukutana kunaleta matunda zaidi pale panapokuwa na mambo manne. La kwanza, wanaokutana wawe sawa pale walipokutana, asiwepo bwana na mtumwa. La pili, wawe na lengo moja wanalolihitaji wote. La tatu, lengo hilo wasilifikie ila kwa kusaidiana. La nne, wakubwa, sheria au mila viwe vimekubali na kubariki mkutano huo.

Mwaka huohuo wa 1954, mtaalamu mwingine, Muzafer Sherif, alichukua wavulana 22 kambini huko Oklahoma, wote wa rangi moja na hali moja ya maisha, akawagawa makundi mawili. Wakashindanishwa kwa zawadi. Haikuchukua siku nyingi wakawa wanachomeana bendera na kuvamiana kwenye mabanda ya kulala. Kisha wakakutanishwa wale chakula pamoja na watazame sinema pamoja. Matokeo? Wakarushiana chakula. Ndipo wakapewa shida za pamoja: maji ya kambi yamekatika, lori la kuleta chakula limegoma kuwaka. Ikabidi wote washike kamba moja kulivuta. Baada ya kazi kama hizo kadhaa, chuki ikapungua, na siku ya kurudi nyumbani walipanda basi moja. Wapo waliolikosoa jaribio hilo wakisema wataalamu wenyewe waliuchochea ule ugomvi. Mimi nasema hilo nalo ni somo, maana ugomvi wa wakubwa huku kwetu nao una wachochezi wake.

Tangu hapo utafiti umefanyika sehemu nyingi. Mwaka 2006 wataalamu wawili, Pettigrew na Tropp, walikusanya na kupima tafiti 515. Waliona kwamba kwa jumla watu wa makundi tofauti wanapokutana, chuki hupungua, na hupungua zaidi pale yale mambo manne yanapokuwepo.

Sasa rudi kwenye geti lako. Mlinzi na tajiri wanaonana kila siku, lakini hawako sawa, hawana lengo moja, na hakuna siku wamekaa kupanga jambo pamoja. Mmoja anaamuru, mwingine anaitika. Ndiyo maana miaka mitano inapita na kasumba iko palepale. Na hata yule bosi mwema anayempenda mlinzi wake utamsikia akisema: “Huyu wa kwangu siyo kama wenzake.” Maneno hayo yanasikika kama sifa, kumbe ni tusi kwa kabila zima. Ameokolewa mtu mmoja na wengine wote wameachwa ndani ya hukumu ileile. Atwater hakukutana na Ellis kama Mzungu fulani mwema aliyepotea njia. Alikutana naye akiwa mtu wa Klan, na meza yake ya Klan ikiwa pale. Kwa hiyo mabadiliko yalipokuja yaligusa zaidi ya watu wawili.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wamarekani. La hasha. Babu zetu waliyajua kabla Allport hajazaliwa, wakayaita utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880. Leo ni watani. Wanyamwezi na Wasukuma waliokuwa wakishuka pwani na misafara ya pembe za ndovu wakawa watani na Wazaramo na makabila mengine ya njiani. Tazama utani ulivyojengwa. Mtani wako anaruhusiwa kukutukana usoni, nawe humkasirikii, kwa sababu na wewe una ruhusa ileile. Huo ni usawa. Mtani akifika kwako na njaa ni wajibu wako kumlisha, akifiwa ni wajibu wako kwenda kusaidia. Huko ni kusaidiana. Msibani mtani anaweza kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote, waliokuwa wakilia wakacheka, na hakuna mzee atakayemfukuza. Hiyo ni idhini ya mila. Waliokuwa maadui wamepewa kazi ya kufanyiana, na matusi yaliyokuwa ya vita yamegeuzwa kuwa mchezo wenye kanuni.

Serikali ya kwanza ya nchi hii nayo ililielewa jambo hili. Kuanzia Januari 1962, shule zilizokuwa zimegawanywa kwa Wazungu, Waasia na Waafrika ziliunganishwa. Wanafunzi wa sekondari wakapelekwa kusoma mikoa ya mbali. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, likawakutanisha wahitimu ambao kilichowaunganisha ni Kiswahili, jembe na kwata. Mafunzo hayo ya lazima yalisimamishwa mwaka 1994, yakarudishwa mwaka 2013. Mimi nilisoma kidato cha tano na sita mwishoni mwa miaka ya 1990, katika shule ya bweni mbali na kwetu. Bwenini tulitoka mikoa zaidi ya 10. Maji yalitekwa mtoni, na ndoo zilikuwa chache. Sikumbuki hata siku moja mtu kuuliza kabila la mwenye ndoo.

Matunda yake yamepimwa. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alitoa utafiti uliolinganisha wilaya mbili za vijijini zinazofanana kwa mengi: Busia nchini Kenya na Meatu hapa Tanzania. Kule Busia, maeneo yenye makabila mchanganyiko yalichangia shule zao kidogo kuliko maeneo ya kabila moja. Kule Meatu, mchanganyiko wa makabila haukupunguza michango. Miguel alieleza kwamba sababu kubwa ni siasa ya kujenga taifa iliyofuatwa Tanzania. Kwa maneno ya mitaani, umoja wetu haukuota kama uyoga. Ulipandwa, ukamwagiliwa.

Na kilichopandwa kinaweza kung'olewa. Hapa nazungumza kwa uzito, kwa sababu mimi ni mtu wa redio. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na lugha moja, waliishi kwenye vilima vilevile, walioana. Mwaka 1994 majirani waliwaua majirani, na redio ya RTLM ilikuwa ikiwachochea. Mwezi Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa hapa kwetu Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari kwa mambo hayo. Ujirani ulikuwepo, ndoa zilikuwepo. Kilichokosekana ni lile jambo la nne: wakubwa hawakuubariki ujirani huo, waliulaani. Redio ileile iliyotumika kuua imetumika pia kuponya. Mwaka 2004 Wanyarwanda walianza kuusikiliza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, unaohusu vijiji viwili vinavyogombana na kupatana. Utafiti wa Elizabeth Levy Paluck, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha kwamba wasikilizaji hawakubadilisha sana imani zao za moyoni. Kilichobadilika ni kile walichokiona kuwa ni tabia inayokubalika katika jamii, na jinsi walivyoshirikiana wao kwa wao. Usisubiri moyo ubadilike ndipo mikono ifanye kazi. Mara nyingi mikono hutangulia.

Hali yetu ya leo mijini ikoje? Kwa maoni yangu, mahali pa kukutana kwa usawa panapungua. Mtoto wa mwenye nacho anachukuliwa na basi la shule ya kulipia asubuhi, wa asiyenacho anatembea kwenda shule ya kata, na wanaweza kukua mtaa mmoja bila kucheza mpira mmoja. Zamani mgawanyiko uliotutisha ulikuwa wa kabila na rangi. Sasa unakuja wa geti na bonde. Wa juu anasema wa bondeni ni wezi na wachafu. Wa bondeni anasema wa juu ni mafisadi wenye roho mbaya.

Katika mtaa ninaoishi tulikuwa na mfereji mmoja unaotoka kwenye nyumba za ukuta na kuteremka hadi kwenye vyumba vya kupanga. Kila masika bonde lilijaa maji. Kikao cha kwanza cha kamati kilikuwa kelele tupu. Wa juu walidai wa chini wanatupa taka mferejini, wa chini wakadai wa juu wanafungulia vyoo mvua ikinyesha. Mwenyekiti wa mtaa akaamua kamati iongozwe na wawili: mzee mmoja mstaafu wa nyumba za juu, na mama lishe mmoja wa bondeni. Jumamosi tatu zilipita wakichimba na kuzoa. Jumamosi ya nne nilimsikia yule mama akisema: “Mzee, kumbe hata kwako maji yanaingia?” Mzee akajibu: “Mama, mwaka jana nimelala juu ya meza. Ukuta huu unaouona unanifungia maji ndani.” Wakacheka wote. Hawajawa marafiki wa kualikana chakula. Lakini mwanawe wa kiume yule mama alipokamatwa kwa kusingiziwa wizi, aliyekwenda kituoni kumdhamini ni yule mzee.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Simtaki msomaji awapende watu wote kesho asubuhi, maana upendo wa kuamrishwa haudumu. Namtaka atafute kazi moja ambayo hawezi kuifanya bila mtu wa kundi analolishuku, kisha aifanye naye wakiwa sawa. Iwe kamati ya wazazi, mfuko wa kuzikana, timu ya mpira, ulinzi wa mtaa au mfereji. Viongozi nao wanapounda kamati hizo, wasiwachague watu wa upande mmoja kwa kuwa wanaelewana haraka. Wakumbuke kiti kile cha Durham kilichogawanywa kati ya watu wawili wasiosalimiana.

Na leo jioni, ukifika getini, mwulize mlinzi wako habari za watoto wake. Haitamaliza chuki duniani, maana bado wewe ndiye bosi na yeye ndiye mlinzi. Lakini mfereji wa mtaa wenu ukiziba, utakuwa na mtu wa kuanza naye.